Nyapara Aliyelowesha Mawe

Ndugu, jamaa na majirani, mtu mliyezoea kumsikia kabla hamjamwona leo amenyamaza, na kazi ya kusema ameachiwa shemeji yake, kitindamimba wa nyumba ya mkewe. Familia imemwomba shemeji asome kwa ufupi. Marehemu asingelikubali ombi hilo hata kidogo, kwa hiyo na tukutane katikati.

Alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Juni 1955, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi seremala na mama aliyesuka mikeka. Bibi yake ndiye aliyempa jina la Chiriku, kwa kuwa alianza kusema kabla hajaanza kutembea, na alipoanza kutembea akawa anakwenda kusema kwenye nyumba za watu. Jina likamganda. Karani wa kiwanda aliyemuuliza jina lake halisi siku ya kuandikishwa kazi alijibiwa na watu watatu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni kwamba hilo ndilo, hana jingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1963 hadi Novemba 1969. Hesabu aliziweza, kunyamaza kulimshinda. Mwalimu wa darasa la nne alimhamisha kiti mara tano, mwisho akamfanya kiranja wa kuandika wapiga kelele, akidhani madaraka yatamtuliza. Siku ya kwanza karatasi ilirudi na jina moja tu, lake mwenyewe, na mbele yake ameandika "mara kumi na mbili". Mwalimu alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Hili tunalitaja kwa sababu ndivyo alivyokuwa maisha yake yote. Makosa alikuwa nayo, tena si haba, lakini akishayajua aliyaandika kwa mkono wake.

Baada ya kumsaidia baba yake karakanani kwa miaka sita, aliajiriwa tarehe 3 Februari 1976 katika kiwanda cha mawe, hiki ambacho ukuta wake tunauona kila tukifungua madirisha. Alianza kama mpakuaji. Mawe yalikuja na malori, mapande makubwa kuliko vyumba tunavyolala, na ndani ya banda misumeno iliyagawa kuwa vigae, ngazi na meza za jikoni. Chiriku aliingia mle siku ya kwanza, akaona pande la jiwe likifunguliwa katikati na rangi zake zikijitokeza, kijani na nyekundu na michirizi ya kung'aa ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona tangu dunia iumbwe. Alisimama pale mdomo wazi mpaka nyapara akamfokea. Jioni alimwambia mama yake kwamba ameona kitu kilichokuwa kinamngoja yeye tu. Mama akamwambia anawe uso kwanza, maana alikuwa mweupe mpaka kope.

Kipaji chake kilikuwa sikio. Aligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, akaliinamia, akasema, "Hili lina ufa ndani, shubiri mbili kutoka hapa." Wakikata, ufa uko pale pale. Wahandisi waliletwa na vyombo vyao wakashindana naye, wakaondoka wakimwamkia. Alihamia kwenye msumeno mwaka 1979, na tarehe 1 Julai 1988 akapewa unyapara wa banda zima la kukatia.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Aprili 1980. Shemeji alikuwa na miaka tisa wakati huo na alikuwa ameketi mlangoni siku mchumba alipokuja kujieleza, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa. Chiriku alianza na salamu. Baba mkwe akasinzia. Alipozinduka, alimkuta kijana bado yuko kwenye salamu, amefika kwa wajomba. Mzee akamgeukia mkewe akasema kwa unyonge, "Mpeni mke huyu, labda atapata wa kumnyamazisha." Haikuwa hivyo. Waliishi karibu miaka arobaini na mitatu, akiongea yeye, akicheka mkewe, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Sasa tufike kwenye vumbi, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza tusiliruke.

Sisi wa mtaa huu tunalijua. Enzi hizo misumeno ilikata mawe makavu. Nguo iliyoanikwa asubuhi ilianuliwa mchana imekakamaa. Meza ilifutwa kabla ya kula, ikafutwa tena wakati wa kula. Majani ya miti ya uani yalikuwa na rangi ya saruji, na mvua ikinyesha watoto walitoka mbio kuyaona yakigeuka kijani. Ndani ya banda, mtu wa msumeno wa kwanza hakumwona wa msumeno wa nne. Waliitana kwa miluzi.

Dawa ya vumbi, kila mtu aliijua, ilikuwa maziwa. Kiwanda kilitoa kikombe kimoja kwa kila mfanyakazi saa sita mchana, na nyapara ndiye aliyeyagawa. Miaka ishirini na mitano Chiriku alisimama na upawa wake kando ya ndoo, akihakikisha kila mtu anakunywa mpaka tone la mwisho. Maziwa yanaosha kifua, aliwaambia. Aliyekuwa na kikohozi alimwongeza kikombe cha pili kutoka kwenye sehemu yake mwenyewe. Aliamini kwa moyo wote kwamba anawaokoa.

Mwaka 1990 aliajiriwa kijana mmoja mpole, mkewe fundi cherehani, naye alikuja kazini amefunika pua na mdomo kwa kitambaa cheupe. Chiriku alipomwona tu, alimpa jina: Bibi Harusi. Banda zima lilicheka. Kila asubuhi nyapara alimwuliza bwana harusi yuko wapi, na kama mahari imekamilika. Hapakuwa na chuki ndani yake, ulikuwa utani wa kazini, na kijana naye alicheka. Lakini baada ya miezi minne alikuja bila kitambaa, akanywa maziwa yake kama wenzake, na nyapara akampiga begani kwa furaha. Bibi Harusi alifariki mwaka 2004, ana miaka thelathini na tisa, kwa kile tulichokiita kifua. Chiriku alilia sana msibani, na Jumatatu iliyofuata akaendelea kugawa maziwa.

Machi 2010, binti yake, mtoto wake wa pili, alikuwa anahangaika na watoto watatu na hana kazi. Chiriku alimwombea nafasi bandani. Alijivuna siku ile, akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba damu yake imeingia kwenye mawe.

Ugonjwa wake ulianza kwa kumnyang'anya ngazi. Alikuwa akipanda mpaka ofisini kwa meneja bila kukatisha hadithi, halafu akaanza kusimama katikati, akisingizia kwamba hadithi imefika patamu. Tarehe 5 Februari 2013 mkewe alimpeleka kwa nguvu kwa daktari wa kifua. Daktari, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache, aliwasha njiti ya kiberiti, akaishika shubiri moja mbele ya mdomo wa Chiriku, akamwambia afungue mdomo wazi, asibane midomo, aizime kwa pumzi. Chiriku alipuliza. Moto haukutikisika. Akapuliza tena, na njiti ikaungua mpaka mwisho imetulia kabisa. Alimwuliza daktari hizi njiti ni za wapi, alete kiberiti kingine. Daktari akawasha nyingine, akafungua mdomo, akahema kidogo tu, na moto ukazimika. Mkewe anasema katika maisha yao yote hiyo ndiyo mara ya kwanza alipomwona hana la kusema.

Picha ya kifua ilitundikwa kwenye taa. Daktari alimweleza kwamba vumbi linaloonekana si baya kama lile lisiloonekana, kwa sababu hilo jepesi huteremka hadi chini ya mapafu, likakaa, na mapafu yakajifunga kovu juu yake, na hakuna dawa ya kulitoa. Chiriku akamwuliza kuhusu maziwa. Daktari akasema, "Mzee, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi limekwenda kwenye mapafu. Njia hizo hazikutani."

Alihesabu kwa vidole. Kisha akauliza, "Na mtu wa miaka mitatu?"

"Miaka mitatu ya nani?"

"Ya binti yangu."

Daktari alimjibu kwamba lililoingia limeingia, lakini lililobaki nje linaweza kuzuiwa, na kwamba jiwe likikatwa huku linamwagiwa maji, vumbi hugeuka tope na haliruki. Ni hilo tu. Maji. Chiriku alirudi nyumbani akiwaza habari ya maji, kitu ambacho kilipita kwenye bomba hatua arobaini kutoka kwenye misumeno, miaka yote thelathini na saba.

Jioni ile alimwambia binti aache kazi. Binti akakataa, kwa adabu. Alisema watoto wake wanakula kutoka humo, na kwamba akiondoka, nafasi yake itachukuliwa kesho yake na mtu mwingine mwenye mapafu kama yake. Chiriku alikwenda kwa meneja, akaambiwa maji yatapunguza mwendo wa kazi, tena misumeno haikuundwa hivyo, tena nyapara amechoka, apumzike nyumbani. Kwa lugha ya kiofisi, alikuwa ameachishwa kazi.

Hapo ndipo mtu huyu alipotushangaza, na bado hatujamaliza kushangaa. Alitengeneza orodha ya watu wote aliowahi kuwapa maziwa waliokuwa bado wanaishi karibu, na wajane wa wale waliotangulia. Nyumba ishirini na sita. Akazipitia moja moja kwa miguu. Kwenye kila mlango aliketi kwanza kibarazani mpaka pumzi irudi, ndipo akabisha hodi, na akisha kuingia alisema jambo moja: maziwa niliyowapa hayakuwa dawa, niliwaambia uongo bila kujua, nendeni mkapimwe. Wengine walimfariji. Mmoja alimfukuza. Mwingine alimcheka, akamwambia Chiriku amekosa soga sasa anauza maneno ya hospitali. Alivumilia yote, akaenda nyumba inayofuata.

Nyumba ya mjane wa Bibi Harusi aliiweka mwisho, kwa sababu aliiogopa. Mama huyo yupo hapa leo, na ametupa ruhusa kusema. Alikuwa kwenye cherehani yake. Chiriku alisema yote: utani, jina, kitambaa. Akaongeza kwamba daktari alimwambia kitambaa peke yake kisingetosha kumwokoa mumewe, lakini kwamba yeye hajaikubali faraja hiyo. Mama alimsikiliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Kile kitambaa nilikishona mimi," alisema. "Matabaka mawili."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Kumsamehe mtu kwa niaba ya marehemu siwezi. Lakini binti yako bado yuko mle ndani. Kalilie hilo."

Siku ya pili yake ilikuwa Jumatatu, tarehe 20 Mei 2013. Saa moja kasoro robo asubuhi wafanyakazi walimkuta getini, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ile ile ya maziwa, na kiberiti mkononi. Walidhani amekuja kuwapa soga. Aliwaambia kuna mashindano, anayezima njiti kwa mdomo wazi apite. Wakacheka, wakapanga mstari. Aliyeajiriwa mwezi uliotangulia alizima bila hata kusogea. Wa miaka mitano alizima kwa kujikaza, wenzake wakamzomea. Wa miaka kumi na mbili, moto uliinama tu, ukasimama tena. Kicheko kikapungua. Kisha akaja fundi wa msumeno wa tatu, pande la mtu, anayebeba vigae kumi na vinne begani, miaka kumi na tisa mle ndani. Njiti tatu ziliungua mbele ya mdomo wake hadi kwenye vidole vya Chiriku, na hakuna hata moto mmoja uliotikisika. Watu mia na kumi walisimama getini wakiutazama moto mdogo kuliko ukucha, nao ulikuwa unawaambia habari zao.

Binti yake alikuja zamu yake. Alifungua mdomo, akapuliza, moto ukalala, ukainuka, ukalala tena, ukafa. Baba yake alimshika mkono, akamsimamisha hapo hapo, akawaambia wote kwa sauti aliyoitafuta kutoka mbali, "Huyu bado. Nataka abaki hivi hivi."

Meneja alikuwa ameshateremka. Chiriku alimnyooshea njiti. Meneja akasema hana muda wa michezo, akakichukua kiberiti, akapanda nacho ofisini, akafunga mlango. Hakuna aliyeingia bandani. Waliketi chini ya ukuta, wanaume kwa wanawake, na misumeno ikakaa kimya. Saa nne meneja alitoka. Hakueleza kitu. Alimwita fundi bomba. Alipokuwa anamwonyesha pa kupitisha mipira ya maji, kila mtu aliona kwamba kidole gumba chake kimeungua, na kila mtu alielewa, na kwa heshima ya mtu mzima hakuna aliyecheka.

Maji yalifika kwenye msumeno wa kwanza siku kumi na moja baadaye. Walimwita Chiriku aje afungue koki. Jiwe lilipoanza kukatwa, tope la kijivu likatiririka mferejini, na hewa juu yake ikabaki hewa. Watu walisimama wakiitazama. Walimwona mwenzao wa msumeno wa nne, wakampungia mkono. Wiki ile mmoja aliuelekeza mpira wa maji kwenye ukuta wa mashariki ili kuuosha, na ukuta ukaanza kupitisha mwanga. Lilikuwa dirisha, urefu wa watu wawili, na Chiriku aliyefanya kazi chini yake miaka thelathini na saba hakuwahi kujua kwamba lipo. Alikaa mbele yake mchana kutwa. Mkewe alipokuja kumchukua alimkuta anatabasamu, mashavu yamelowa.

Hakupona, kwani ugonjwa huo haurudi nyuma. Ulichukua pumzi yake polepole na pamoja nayo maneno yake. Mwaka 2016 aliweza sentensi moja kwa pumzi moja. Mwaka 2019 akaanza kulala na mtungi wa oksijeni. Mwaka 2022 alibaki na maneno manne, basi, kisha angoje. Kugombana naye kulikuwa kazi kweli kweli, maana aliuanza ugomvi wakati wa chai na kuukamilisha karibu na chakula cha mchana, na ilimpasa mkewe amsubiri. Lakini mtu aliyemwaga maneno kama mtama wa kuku maisha yake yote sasa aliyachagua. Tulimwona anayatafuta, anayapima, anatoa lile analolitaka. Shemeji alipomtembelea Desemba alipewa maneno mawili, "Umenenepa. Vizuri," na hajawahi kupewa zawadi iliyomgharimu mtu namna ile.

Kila Februari, tangu maji yalipoingia, wafanyakazi hupigwa picha ya kifua. Hilo pia alilidai yeye, kwa barua kumi na tisa. Tarehe 27 Februari mwaka huu binti alileta picha yake kitandani. Aliishika dirishani, mbele ya jua, na baba yake akaitazama muda mrefu, upande wa kushoto, upande wa kulia, chini kabisa. Hakuna kovu. Aliomba ageuziwe, akaitazama kwa nyuma pia, ushamba wa mtu asiyeamini mara moja. Alichagua neno moja tu. "Zuri," alisema, kama alivyokuwa akisema zamani juu ya jiwe lisilo na ufa.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Hakuhangaika. Mkewe anasema alitoa pumzi, naye akangoja neno linalofuata, kama alivyozoea kungoja.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja. Ameacha watu mia moja na kumi na wawili wanaofanya kazi ndani ya banda lenye maji na dirisha, na mtaa ambao nguo zake zinaanuliwa zikiwa laini.

Na huyo binti yake. Jiwe litakalosimama hapa kichwani pake alilikata yeye juzi asubuhi, hakutaka kusaidiwa na mtu. Alipomaliza alizima msumeno, akatoka uwanjani, akavuta pumzi, akalia. Sauti yake ilivuka ukuta, ikapita barabara, ikaingia nyumbani, na mama yake akatoka hadi mlangoni akasimama kuisikiliza. Kilikuwa kilio kirefu kuliko vyote tulivyowahi kuvisikia mtaani humu. Hakikukatishwa na kikohozi hata mara moja.

Umesikia, Chiriku. Lala sasa kwa amani.